ALDOUS HUXLEY: MWANDISHI ALIYEVUA MIWANI

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Buyangu. Mhariri wa jarida letu alituagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walikimbilia viongozi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mwandishi Mwingereza aitwaye Aldous Huxley, na nina sababu mbili. Kwanza, mtu huyu alipofuka akiwa na umri wa miaka 16, akiwa mwanafunzi, nami nina umri uo huo. Pili, kitabu chake nusura kinipoteze, kisha habari za maisha yake zikanirudisha njiani.

Wacha nianze na langu kwa ufupi. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza sikuwa naona ubaoni hata nikikaa dawati la mbele. Nilipopelekwa hospitalini, niliambiwa kwamba macho yangu hayaoni mbali, ni lazima nivae miwani. Mama alitoa pesa za miwa, zile zilizokuwa za kununua mabati ya jikoni, akaninunulia miwani. Siku ya kwanza kuivaa shuleni nilipewa jina la Macho Manne. Niliona haya, nikaitia mkobani. Basi mwaka jana mzee mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaniazima kitabu kikuukuu kisicho na jalada. Akaniambia kwamba mjukuu wake nitaona vizuri bila miwani nikifuata yaliyomo. Kitabu chenyewe kinaitwa The Art of Seeing, yaani sanaa ya kuona, na kilitolewa mwaka wa 1942. Aliyekiandika ndiye huyu Aldous Huxley. Nitarudi kwa kisa changu, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Aldous Leonard Huxley alizaliwa tarehe 26 Julai 1894 huko Godalming, kusini mwa Uingereza. Alizaliwa katika nyumba ya wasomi. Babu yake, Thomas Henry Huxley, alikuwa mwanabiolojia aliyemtetea Charles Darwin hadharani. Baba yake, Leonard, alikuwa mwalimu na baadaye mhariri. Mama yake, Julia, alianzisha shule ya wasichana mwaka wa 1902. Kaka yake, Julian, alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO mwaka wa 1946. Tena jina hili si geni hapa kwetu. Huyo Julian alizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1929 akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Naye binamu yao, Gervas, alimwoa Elspeth, yule mwandishi aliyekulia Thika na kuandika The Flame Trees of Thika mwaka wa 1959.

Lakini waliosema kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha hawakukosea. Mwaka wa 1908 Aldous alijiunga na shule maarufu ya Eton, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo mama yake akafariki kwa saratani. Mtoto alikuwa na miaka 14 tu. Kabla jeraha hilo halijapona, mwaka wa 1911 macho yake yakashikwa na ugonjwa. Ulishambulia konea, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, ambayo ni kama kioo cha dirisha. Konea ikiingia makovu, mwanga haupiti sawasawa. Kufumba na kufumbua, kijana aliyekuwa akisoma vitabu kama mchwa alikuwa gizani. Aliondoka shuleni, akakaa karibu miezi 18 akiwa kama kipofu.

Msomaji mpenzi, hebu fikiria jambo hilo likupate wewe, huku mtihani wa KCSE ukikungoja. Wengi wetu tungekata tamaa. Aldous hakukata tamaa. Alijifunza kusoma kwa vidole maandishi ya Breli. Inasemekana hata aliifanyia mzaha hali yake, akidai kwamba faida ya Breli ni kuweza kusoma kitandani wakati wa baridi mikono ikiwa ndani ya blanketi. Alijifunza piano kwa njia hiyo hiyo, mkono mmoja ukipapasa nukta na mwingine ukipiga kinanda. Alijifunza pia kupiga taipureta bila kuona, akaandika riwaya nzima ya maneno kama 80,000. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuisoma riwaya hiyo. Macho yalipopata nafuu kidogo, karatasi zenyewe zilikuwa zimekwisha kupotea.

Nafuu yenyewe ilikuwa haba. Jicho moja lilibaki likitambua mwanga tu. Lile jingine, ambalo ndilo lililokuwa zuri, liliona kwa shida mno. Kwenye ile chati ya herufi inayotundikwa ukutani hospitalini kuna herufi kubwa ambayo mtu mwenye macho mazima huisoma akiwa umbali wa futi 200, kama mita 60 hivi. Huxley hakuisoma mpaka asogee futi 10, yaani mita 3.

Kwa macho hayo aliingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1913, chuo cha Balliol, kusomea fasihi ya Kiingereza. Alikuwa amenuia kuwa daktari lakini ndoto hiyo ilizimwa na macho. Alisoma kwa lenzi ya mkononi inayokuza maandishi, huku akitiwa dawa ya kupanua mboni ili apate kuchungulia pembeni mwa makovu. Mwaka wa 1916 alifuzu kwa daraja la kwanza. Mwaka huo huo alijitolea kwenda jeshini, kwa kuwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Walimkataa kwa sababu ya macho. Vijana wengi wa rika lake walikwenda na hawakurudi. Kumbe wakati mwingine mlango ukifungwa, ni heri umefungwa.

Kati ya mwaka wa 1917 na 1918 alirudi Eton, sasa akiwa mwalimu. Mmoja wa wanafunzi aliowafundisha Kifaransa alikuwa Eric Blair, ambaye baadaye alijiita George Orwell. Ndiyo, ni yule yule aliyeandika kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Inasimuliwa kwamba wanafunzi watundu walifanya fujo darasani kwa kuwa walijua mwalimu wao haoni vizuri. Niliposoma hapo nilijiuma midomo, maana nilikumbuka jina la Macho Manne.

Mwaka wa 1919 alimwoa Maria Nys, binti wa Kibelgiji. Maria ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea vitabu kwa sauti na kumwendesha kwa gari. Mwaka wa 1920 walijaliwa mtoto wa kiume, Matthew. Kuanzia hapo Huxley akaandika vitabu bila kupumzika. Riwaya yake ya kwanza kutolewa, Crome Yellow, ilitoka mwaka wa 1921. Iliyomtangaza duniani kote ni Brave New World ya mwaka wa 1932, inayosimulia dunia ambamo watoto wanatengenezwa katika chupa na watu wanapewa vidonge ili wasihuzunike. Mtu asiyeona vizuri kilicho mbele ya pua yake aliona mbali kuliko wenye macho.

Mwaka wa 1937 alihamia Marekani pamoja na familia yake, wakakaa California. Ilipofika mwaka wa 1939, macho yakazidi kufifia. Hata akivaa miwani yenye nguvu, kusoma kulimchosha kama kulima konde zima. Aliogopa kwamba giza la mwaka wa 1911 linarudi. Mfa maji haachi kutapatapa. Ndipo akasikia habari za njia ya Daktari Bates.

William Horatio Bates alikuwa daktari wa macho wa New York, aliyezaliwa mwaka wa 1860. Mwenyewe alikuwa mtu wa vituko. Mwaka wa 1902 alitoweka nyumbani, akapatikana London, akatoweka tena, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya kupatikana upya Marekani. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu alichodai kinatibu macho bila miwani. Alifundisha kwamba macho huharibika kwa kukazwa, na kwamba misuli iliyo nje ya jicho ndiyo inayolibana. Dawa yake ilikuwa kuyalegeza. Kwanza, funika macho kwa viganja bila kuyabonyeza, uwaze giza totoro. Pili, simama uyumbe kushoto na kulia huku macho yakifuata. Tatu, yaoteshe macho jua. Bates alifariki mwaka wa 1931, hivyo Huxley hakufundishwa naye bali na mwanafunzi wake, mama mmoja aitwaye Margaret Corbett aliyekuwa Los Angeles.

Huxley alifanya mazoezi hayo kwa bidii ya mchwa. Baada ya miezi michache alieleza kwamba anasoma bila miwani na bila uchovu, na kwamba hata makovu ya macho yameanza kupungua. Kwa furaha na shukrani akaandika kile kitabu nilichoazimwa na mzee. Madaktari wengi wa macho walikipinga vikali, lakini watu walikinunua. Nani asiyetaka kupona bure?

Mimi pia nilitaka. Kila alfajiri kabla ya kuja shuleni nilikaa nyuma ya jiko nimefunika macho kwa viganja. Jioni niliyumba chini ya mwembe mpaka kukhu, yaani nyanya yangu, akauliza kama nimeingiwa na pepo. Miwani niliificha chini ya godoro. Muhula mzima ukapita hivyo. Je, niliona? Nilijiambia kwamba naona. Ubaoni nilinakili 8 badala ya 3, nikaanguka Hisabati, nikasingizia kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Mwenzangu wa dawati alininong'onezea yaliyoandikwa, nami nikayakariri.

Jioni moja mama aliniuliza kama macho yamepata nafuu. Nikasimama mlangoni nikamsomea kalenda iliyo ukutani, mwezi mzima, bila kukosea. Mama alishangilia! Hakujua kwamba asubuhi yake nilikuwa nimeisogelea kalenda hiyo nikaihifadhi kichwani. Kesho yake akawasimulia wenzake wa chama cha akina mama. Mmoja wao ana mtoto wa Gredi ya Pili ambaye jicho lake moja ni dhaifu na amepewa miwani hospitalini. Mama huyo alisema kwamba ikiwa mimi nimepona kwa mazoezi, basi na mwanawe ataivua. Nilinyamaza. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Wakati huo ndipo mhariri alipotoa lile agizo la kuandika. Nikaenda maktaba mjini Kakamega kutafuta habari zaidi za Huxley. Huko nikakuta kisa cha mwaka wa 1952. Huxley alihudhuria karamu moja huko Hollywood, akasimama kuhutubia bila miwani, karatasi zikiwa mbele yake. Mhariri wa vitabu Bennett Cerf alikuwapo na akakisimulia kisa hicho baadaye. Huxley alitiririka kana kwamba anasoma bila taabu yoyote. Ghafla akakwama. Akaisogeza karatasi karibu na macho, ikakataa. Akaisogeza tena na tena. Mwishowe ilimbidi atoe lenzi mfukoni. Ikawa dhahiri kwa watu wote kwamba hakuwa akisoma. Alikuwa ameikariri hotuba.

Niliposoma hapo, nywele zilinisimama. Karatasi yake ilikuwa ndiyo kalenda yangu.

Lakini tusimwonee mzee wa watu. Niliporudi nyumbani nilikifungua kile kitabu tena, safari hii kuanzia mwanzo kabisa. Kumbe katika dibaji Huxley ameeleza wazi kwamba macho yake yako mbali na kuwa mazima, ila yamekuwa bora mara mbili hivi kuliko alipokuwa akivaa miwani. Mimi niliruka maneno hayo. Nilisoma nilichotaka kusoma. Tena ugonjwa wake haukuwa kama wangu. Yeye alikuwa na makovu kwenye konea, mimi sina kovu lolote.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, akanionyesha somo la jicho katika kitabu cha Kidato cha Nne. Ndani ya jicho kuna lenzi, na misuli midogo iliyoizunguka ndiyo inayoibadilisha umbo ili tuone karibu au mbali. Bates alikosea hapo, kwa maana alidhani kazi hiyo ni ya misuli ya nje. Kwa wengi wetu tusioona mbali, mboni nzima ya jicho imekuwa ndefu kidogo, na picha inaangukia mbele ya retina badala ya kuangukia juu yake. Hakuna zoezi la viganja linaloweza kufupisha jicho. Miwani nayo hailitibu, bali inaisogeza picha mahali pake.

Basi Huxley alipataje nafuu? Huenda ni mwanga mkali wa California. Jaribu hivi: kunja ngumi uache tundu dogo kama la sindano, kisha chungulia ubao. Utaona maandishi yametulia kidogo. Katika mwanga mkali mboni hujifinya ikawa kama tundu hilo. Isitoshe, mtu aliyepumzika huweza kukisia vizuri zaidi kile anachokiona kwa ukungu. Kupumzisha macho kuna faida yake, na ukisoma sana ni vema kuinua kichwa kutazama mbali, kwa mfano kilima chetu cha Buyangu. Ila jua lisitazamwe kamwe, kwani linaunguza retina na kovu lake halifutiki.

Yapo mengine ya asili yenye maana. Mrenda, kunde, majani ya maboga, mapapai na karoti huupa mwili vitamini A, na anayeikosa hushindwa kuona usiku na hata kupofuka. Hata hivyo, ukila karoti gunia zima hutavua miwani. Pia kucheza nje mchana kunawakinga watoto. Huko Guangzhou nchini Uchina, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba wanafunzi wadogo walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku walipata tatizo la kutoona mbali kwa uchache kuliko wenzao. Lakini hiyo ni kinga, si tiba kwa aliyekwisha kupatwa. Na kuhusu utomvu wa majani ya msituni, ambao wengine hutia machoni, tafadhali tuuache. Mukombero tuutafune, lakini jicho si chungu cha kuchemshia dawa. Konea ikiungua tutajikuta tulipokuwa Huxley mwaka wa 1911.

Mwalimu aliniambia jambo moja zaidi lililoninyima usingizi. Mtoto mdogo mwenye jicho dhaifu asiposaidiwa mapema, ubongo hulizoea jicho zima na kulisahau lile dhaifu, na akishakuwa mkubwa ni vigumu kulirudisha. Usiku huo huo nilimwambia mama ukweli wote, kalenda na godoro. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akajifunga leso, tukatoka kwenda kwa jirani. Nilirudia maneno yangu mbele ya yule mama, jasho likinitoka. Mtoto alikuwa amekaa siku nne bila miwani. Mama yake akaitoa kabatini akamvika. Mficha ugonjwa kifo humfichua, na mimi ningemfichia mtoto wa watu.

Nimalizie maisha ya Huxley. Maria, aliyekuwa macho yake, alifariki mwaka wa 1955. Mwaka uliofuata alimwoa Laura Archera. Mwaka wa 1961 nyumba yao ya Los Angeles iliteketea kwa moto pamoja na barua na vitabu vyake vingi. Hata hapo hakukoma kuandika, na riwaya yake ya mwisho, Island, ilitoka mwaka wa 1962. Alifariki kwa saratani tarehe 22 Novemba 1963, akiwa na miaka 69. Siku iyo hiyo Rais John F. Kennedy alipigwa risasi, kwa hiyo ulimwengu haukupata nafasi ya kumwombolezea mwandishi. Siku 20 baadaye Kenya ikapata uhuru.

Namheshimu Huxley, si kwa sababu alivua miwani, bali kwa sababu alisoma kwa vidole, kwa lenzi na kwa sauti ya mkewe, na hakuacha kusoma. Kitabu cha mzee nimekirudisha na shukrani. Miwani ninayo usoni ninapoandika haya. Anayetaka kuniita Macho Manne na aniite, mradi niandike 3 pale penye 3.